Sindano Yoyote, Hata ya Urembo

Gilgil, Jumatatu alasiri

Shiro wangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima wa afya, sijui wewe. Nimejaribu kuanza hivyo mara mbili na mkono umekataa, kwa sababu mimi si mzima. Ni miaka kumi na miwili sasa, na wewe hujui. Basi tuanzie hapo.

Uko Kariandusi kumuaga shosho wako, na namjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala viazi vyake na kubebeshwa vingine. Kwa hivyo nina kama saa tatu za nyumba tupu. Saluni nimefunga. Mteja wa saa tisa nimemwambia stima imepotea. Ona, hata leo, siku niliyokaa chini kusema ukweli, nimeanza kwa uongo.

Kesho unaondoka kwenda kuanza kazi Olkaria, lakini sitakuandikia mambo ya blanketi, wala ya kula vizuri, wala ya vijana wa huko. Mtu anayeaminiwa kukaza valvu za mvuke kwenye kituo cha umeme anaweza kujifungia mlango wake. Nitakuandikia jambo moja tu, na nitazunguka kidogo kabla sijalifikia, kwa sababu unanijua, mdomo wangu hauna breki mpaka pale panapohitajika maneno.

Jana nilikuwa nashona zipu ya begi lako. Kwenye mfuko wa kando nikakuta vichupa vitatu, sindano kadhaa ndani ya karatasi zake, na ile kadi yako ya kutoa damu unayoringa nayo. Vyote umevifunga pamoja na raba moja ya nywele. Ukaingia ukanikuta navyo mkononi.

“Ni saplimenti tu, mathe,” ukaniambia. “Za ngozi. Si dawa.”

“Nani anakudunga?”

“Tunadungana wenyewe, na wasichana wa hosteli. Usijali, kila mtu ana sindano yake.”

“Na damu ulitoa lini?”

“Wiki mbili zimepita. Kwani nini? Si wanapima?”

Nikakurudishia begi nikaenda kuangalia maharagwe ambayo hayakuwa motoni. Ulidhani nimenuna. Sikununa, Shiro. Niliogopa. Si dawa, kila mtu ana sindano yake, si wanapima. Hayo maneno yote matatu ni yangu. Niliyasema mimi ukiwa darasa la tatu.

Ngoja nianze na babu yako, kwa sababu ngozi hii ilianza kunisumbua mapema. Wewe unamjua kwa picha tu. Alifanya kazi kwenye machimbo ya ule udongo mweupe, na jioni alirudi mweupe hadi kope. Angesimama mlangoni apige kelele, “Mzungu amefika, mleteeni chai ya maziwa!” Sisi tunakufa kwa kicheko. Kisha angenishika mkono, na kiganja chake kingebaki hapo juu ya ngozi yangu, cheupe, vidole vitano. Sikukubali kuoshwa mkono huo mpaka wakati wa kulala. Nilikuwa na miaka sita, na tayari nilijua ni rangi gani ya kutunzwa.

Shuleni niliitwa Makaa. Mwalimu naye akalichukua: “Makaa, njoo ufute ubao.” Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa mbaya, ndiyo maana sikuwahi kupata wa kumkasirikia.

Kisha ukazaliwa wewe, na ukawa rangi yangu kamili. Unakumbuka nilivyokuwa nikikuita kutoka mlango wa saluni? “Shiro, toka juani, utakuwa kama mimi!” Wateja wanacheka, na wewe unacheka, unakimbilia kivulini. Ni mama gani humtisha mtoto kwa kumwambia atafanana naye? Nimelifikiria hilo jana usiku wote, na haki ya Mungu, hilo linaniuma kuliko hata haya ninayokuja kukuambia. Vile vichupa havikutoka hosteli. Vilitoka mlangoni kwangu.

Sasa sindano. Ulipokuwa darasa la tatu, tulikuwa wanawake wanne hapa sokoni tunaojipenda. Mmoja wetu alipata mtu wa kumletea hivyo vichupa vya kung'arisha ngozi. Kichupa kimoja kikatutosha sote. Wa kudunga alikuwa mama mmoja tuliyemwita Daktari, kwa sababu alikuwa amefagia kliniki miaka mitano. Usicheke. Tulimwamini kuliko waliosoma.

Na tulikuwa waangalifu, ama tulijiona hivyo. Sharti letu la kwanza lilikuwa kila mtu aje na sindano yake. Nilinunua yangu kwenye duka la dawa, ikiwa bado kwenye karatasi, na nilimtazama Daktari akiichomeka mwenyewe kwa macho yangu mawili. Akimaliza na mimi, anachomoa, anatupa, anachomeka ya mwenzangu. Lakini bomba lilikuwa moja. Lile la plastiki, linalobeba dawa. Alikuwa akivuta dawa ya wote humo, kisha akishuka mstari kwa mstari wa bomba, robo yangu, robo ya mwenzangu. Tukimaliza analisuuza kwa maji ya moto analifunga kwa kitambaa hadi mwezi ujao.

Hakuna aliyeuliza juu ya bomba. Sisi tunaita vyote sindano, si ndio? Chuma ni sindano, bomba ni sindano, hata kule kudungwa kwenyewe ni sindano. Tulibadilisha kile chuma, tukasema tumebadilisha sindano, na tukalala usingizi.

Nilianza kung'aa. Wacha niseme ukweli wote, nilifurahi sana. Wateja wakiniuliza siri, nawaambia ni maji mengi na karoti. Mke wa pasta ndiye aliyeniamini zaidi, akawa anakula karoti kama sungura.

Mwaka huo huo Mama Brayo, jirani yetu, akajifungua Nakuru akapoteza damu nyingi. Simu ikaja jioni: hospitali inataka watu wa kutoa damu, ile aliyowekewa imechukuliwa kwenye akiba, lazima irudishwe. Kesho yake wanawake wa kanisa tukajaa kwenye gari. Nilikuwa mbele kabisa. Unanijua, penye shughuli sikosi.

Nesi alikuwa msichana mdogo, na fomu mbele yake. Akauliza hili na lile. Kisha akaniuliza, “Umedungwa dawa yoyote miezi hii iliyopita?”

Nikajibu, “Dawa? Hapana.”

Hadithi hii baba yako anaijua hadi hapo. Nilimwambia nesi aliuliza dawa, na mimi sikuwa mgonjwa, zile zilikuwa vitamini za ngozi, kwa hivyo sikudanganya, ni swali tu halikuwa limenyooka. Baba yako akasema, “Wachana nayo, Mama Shiro. Si wanapima?” Neno hilo nikalifanya langu. Na hadithi yenyewe nimeiacha hapo miaka yote hii.

Lakini kulikuwa na swali la pili, na hili sijawahi kumwambia mtu mpaka leo asubuhi.

Yule nesi aliniangalia uso, akaniangalia vidole. Unajua vile viungo vya vidole hubaki vyeusi hata uso uwe umeng'aa vipi. Akaweka kalamu chini. Akasema polepole, kwa heshima kabisa, “Mama, namaanisha sindano yoyote. Hata ya vitamini. Hata ya urembo.”

Aliniwekea jibu mdomoni, Shiro. Ilibaki kuitikia kwa kichwa tu. Lakini nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake, alikuwa amesimama mke wa pasta, na kichwa chake nilikuwa nimekisuka mimi wiki ile ile, nikimpigia hadithi ya karoti. Nikasema, “Hapana,” na nikalisema kwa sauti, ili na yeye asikie.

Nesi akaandika. Baadaye, nikiwa nakunywa soda yangu na biskuti, akanipa kadi. Akaniambia kuna nambari hapo nyuma. “Ukifika nyumbani ukumbuke jambo, hata kesho, tupigie. Hatutakuuliza mbona hukusema. Tutaiondoa tu.” Alijua. Alinifungulia mlango wa pili, na kadi hiyo nikaifungia kwenye mkebe wa pini za nywele.

Jumapili pasta akatusimamisha mbele ya kanisa, sote tuliotoa. Watu wakapiga makofi. Na wewe, kwenye viti vya watoto, ukasimama juu ya benchi ili uone, ukapiga makofi mpaka mwalimu wa Sunday school akakuvuta sketi. Ulipofika nyumbani ukanichora nimelala kitandani na mrija mwekundu, ukaandika chini, “Mama yangu ametoa damu.” Ulisema ukiwa mkubwa utatoa pia. Na umetoa, tangu ulipofika umri, kila walipokuja shuleni, kila walipokuja chuo. Kila ukileta kadi nyumbani nakusifu huku nikitazama kando. Kitu kizuri kama hicho, na mbegu yake ni uongo wangu.

Miezi michache baadaye macho yakawa manjano. Unakumbuka nililala wiki mbili, nikakuambia ni vidonda vya tumbo? Ilikuwa homa ya ini, ile wanaita hepatitis B, na kwangu haikuondoka. Zile safari zangu za Nakuru za kununua nywele ni kliniki. Hukujiuliza mbona nilikuwa nikirudi na vifurushi viwili tu? Wewe na baba yako niliwapeleka kupimwa, nikawaambia shule na kazi zimeagiza. Mlikuwa salama, namshukuru Mungu kila siku.

Daktari aliyenipima, huyu wa kweli, aliniuliza kama nimewahi kudungwa mitaani. Nikamweleza, na nikaweka mkono kifuani kama shahidi: “Lakini daktari, kila mtu alikuja na sindano yake.” Akachukua kalamu iliyokuwa mezani. Akavua kifuniko, akavisha kingine. “Mlibadilisha hiki?” Nikasema ndiyo. Akaonyesha mwili wa kalamu, kule wino unakokaa. “Na huku?”

Nikahesabu: wanawake wanne, bomba moja. Nakuuliza na wewe vivyo hivyo, mwanangu, na ujibu ukiwa peke yako: mnapodungana huko hosteli, mnabadilisha nini?

Nikamuuliza kama ilikuwa ndani yangu siku niliyotoa damu. Akasema hawezi kujua. Inaweza kuwa iliingia baadaye. Inaweza kuwa ilikuwamo, na ikiwa ilikuwa bado changa, vipimo huenda havikuiona. Ndiyo maana wanauliza kwanza ndipo wapime, akaniambia. Hapo ndipo lile neno “si wanapima” lilipofia kwangu. Maswali yale nayo ni kipimo, Shiro, na chombo chake ni mdomo wa mtu. Wangu ulikuwa mbovu.

Ungedhani nilikimbilia simu. Sikukimbia. Nilijiambia imekwisha tumika, nitasaidia nini sasa? Kisha nikaona aibu ya kupiga simu nikiwa nimechelewa mwezi, ikawa aibu ya mwaka, ikawa ya miaka. Mama Brayo alipona, na mpaka leo Krismasi haipiti bila kuniletea kuku, ananiita dada wa damu. Nampokea yule kuku. Najua damu yangu haikwenda kwake, ilikwenda kwenye akiba, kwa mtu nisiyemjua. Nikiwa Nakuru nikimwona mtu amekaa kwenye foleni ya kliniki, macho yake yana ile rangi, nateremsha uso. Labda waliipima wakaikuta wakaimwaga. Labda haikuwa na kitu. Sijui, na sikujua kwa sababu sikutaka kujua, na hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la kwanza. La kwanza nililifanya kwa dakika moja, nikiwa nimeshtuka. Hili la pili nimelifanya kila asubuhi nikifungua mkebe wa pini.

Leo ulipoondoka tu kwenda Kariandusi, nimeutoa ule mkebe nikapiga ile nambari. Ile sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikaniambia nambari hiyo haipo. Basi nikavaa viatu nikaenda mwenyewe Nakuru, pale wanapotolea damu. Mama mmoja wa makamo kwenye meza akanikaribisha vizuri: “Umekuja kutuchangia, mama?”

Nikamwambia, “Nilichangia miaka kumi na miwili iliyopita. Kuna swali nililijibu vibaya.”

Hakushangaa, ama alificha. Akachukua karatasi. Aliniuliza jina, mwaka, mahali, na ilipofika pale akaniuliza, “Sindano yoyote?” Nikasema ndiyo. Nikaeleza bomba na yote. Nililia kidogo, sikufichi, na yeye akanisogezea kitambaa cha karatasi bila kuacha kuandika. Akasema watatafuta rekodi, za zamani namna hiyo huenda zisipatikane, lakini watatafuta. Hakuniambia si kitu. Nilikuwa nimetamani aniambie si kitu.

Kabla sijaondoka nikamuuliza damu hukaa kwenye friji muda gani. Akasema kama mwezi hivi, ikizidi kidogo tu.

Yako ina wiki mbili.

Nilikuwa na nambari ya kadi yako kwenye mkoba, nilikuwa nimeinakili jana ukiwa unaoga. Ndiyo, nimekupekua, ukitaka kununa nuna. Ningeisema pale pale mezani. Mdomo ulishafunguka. Nikaufunga, kwa sababu mimi nilinyang'anywa ule ujasiri na woga wangu mwenyewe, na sikutaka wewe unyang'anywe wako na mama yako. Sijui kama nimefanya vizuri. Usiku huu kuna mfuko mahali fulani wenye jina la kundi lako la damu, na mtu anaweza kuuhitaji kabla jua halijachomoza. Nikifikiria hivyo nataka kurudi Nakuru mbio. Kwa hivyo nimemwambia yule mama jambo moja tu: kesho asubuhi atapigiwa simu na msichana, ama na mimi. Akaniangalia, akasema wanafungua saa mbili.

Labda sindano zenu ni safi. Labda wasichana wako wana akili kuliko sisi wanne na Daktari wetu wa ufagio. Huenda mfuko wako hauna kitu kabisa, na naomba iwe hivyo. Lakini si wewe wa kuamua, na si mimi. Kuna mtu amelala mahali na hawezi kunyanyuka aje akuulize ulidungwa na nani, kwa hivyo ametuma nesi na fomu. Mimi nilimjibu uongo mtu aliyelala. Ukitaka kujua nilichojifunza kwa miaka hamsini ya kuishi na thelathini ya kusuka vichwa vya watu, ni hicho tu, na nimekijua nikiwa nimechelewa.

Vile vichupa sijavigusa. Ni vyako, wewe ni mtu mzima, na mimi sina mdomo wa kukusemesha juu ya ngozi. Ila wacha nikuombe msamaha kwa ule mlango wa saluni. Ulikuwa mtoto mzuri mno pale juani. Nilipaswa kutoka nje nikae na wewe.

Barua hii naiweka ndani ya buti lako jipya la kazi, la kulia, kwa sababu huwezi kuondoka kesho bila kuingiza mguu humo. Gari lako ni saa tatu. Wao wanafungua saa mbili. Saa hiyo moja iliyo katikati ni yako. Ikipita, itakuwa yangu, na nitapiga, Shiro, hata kama hutanisemesha mwaka mzima.

Nambari ya simu iliyo nyuma ya kadi yako inafanya kazi, nimeijaribu. Utapigia kutoka jikoni, maana huko ndiko network hushika, na mimi nitakuwa huko nikikukaangia mandazi ya safari. Watakuuliza vitu vichache. Likifika lile la sindano, usiogope aliyesimama nyuma yako. Atakuwa ni mimi, na mimi najua tayari.

Mama yako